Baba, Nakala na Hadhira: Upokezi wa Tamthilia ya A Number

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini tamthilia fupi ya A Number, ya mwandishi Mwingereza Caryl Churchill, huwagusa watazamaji pasipotarajiwa. Iliigizwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2002 katika ukumbi wa Royal Court, London, miaka 6 baada ya kuzaliwa Dolly, kondoo aliyetokana na seli ya kondoo mzima. Waigizaji ni wawili tu: mmoja ni Salter, baba, mwingine huigiza wana watatu wenye sura moja.

Salter alimtelekeza mwanawe wa kwanza, kisha akaagiza atengenezewe mwingine kutokana na seli za yule yule, apate kuanza malezi upya. Wanasayansi nao wakatengeneza nakala zaidi bila idhini yake. Siri inapofichuka, mwana wa kwanza anamuua yule aliyelelewa vyema, halafu anajiua.

Mtazamaji anayekuja kusikiliza mjadala wa sayansi hugundua kwamba kile Hans Robert Jauss alichokiita upeo wa matarajio kimevunjwa. Jukwaani hamna maabara wala daktari. Mna baba anayedanganya na mwana anayeuliza. Aidha, wahusika hukatiza sentensi zao katikati, hivyo hadhira hulazimika kuyajaza mapengo, kama Wolfgang Iser alivyoeleza kuhusu msomaji. Kila mtu huyajaza kwa tajriba yake ya kulea au kulelewa.

Nilipowasimulia kisa hiki kwa Kimeru wazee wachache wa kwetu Ruiri, nilidhani watashangazwa na kloni. Haikuwa hivyo. Katika jamii nyingi za Mlima Kenya mtoto hurithishwa jina la babu yake, na mimi ni mmoja wao. Mzee mmoja alinitazama akasema, "Jina hurudi, mjukuu wangu, mtu harudi." Kisha akauliza, "Yule wa kwanza, alipolia usiku, nani alimwendea?" Sikuwa nimewaambia kwamba katika tamthilia mwana huyo humshtaki babake kwa jambo hilo hilo: aliita gizani, baba hakuja.

Methali zetu zimekwisha kuuweka mgogoro huu bayana. Tunasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Tena tunasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Churchill anazipambanisha hoja hizi mbili bila kuamua. Mwana wa tatu, ambaye Salter hakumlea kamwe, ameridhika na maisha yake, na utulivu huo humfadhaisha baba kuliko lawama.

Ni pendekezo letu kwamba kazi hii itafsiriwe na kuigizwa na wanafunzi wa Kiswahili. Hadhira yetu haitahitaji kufunzwa jenetiki kwanza. Swali la yule mzee linatosha kuanzia.