Niliziosha Hela za Bibi

Hebu sema ukweli, mpenzi msomaji: kwenu kuna kopo, soksi au droo yenye sarafu za zamani? Kama ipo, usiiguse kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu. Mimi niligusa, na nusura ndoa yangu changa iingie mchanga.

Tulikuwa na miezi minne tangu tuoane. Tukatoka Mbeya tunakoishi, tukaenda Iringa kumsalimia bibi yake mume wangu. Kamwene, kamwene, tukakaa, tukala. Bibi, ambaye kwa utani huniita "mke mwenzangu", akaingia chumbani akatoka na kopo la maziwa ya unga. "Haya mpelekee mume wetu, anapenda vya kale."

Ndani mlikuwa na rupia moja ya Mjerumani, heller zenye tundu, senti za Mwingereza na senti 50 za mwaka 1966, zile zenye sungura upande mmoja na Mwalimu Nyerere upande wa pili. Zote nyeusi, zote chafu. Angalau kwa macho yangu.

Jumatatu mwenzangu akiwa kazini, mke mwema nikaingia jikoni. Limau, chumvi, majivu na steelwire. Zikang'aa kama pete ya uchumba! Aliporudi alizitazama, akauliza neno moja tu: "Umeziosha?" Kisha akaenda kukaa barazani peke yake. Siku tatu tukaishi kwa "shikamoo jirani".

Kwani kosa liko wapi?

Nilidhani ananionea, vyuma tu jamani! Jumamosi wakaja wenzake wawili wanaokusanya sarafu kama yeye, mmoja mhasibu, mwingine mwalimu. Nikakaa pembeni kusikiliza.

Sarafu hushikwa ukingoni, kamwe si usoni. Huinamishwa polepole kwenye mwanga wa dirisha. Kwenye rupia wanaanza na sehemu zilizoinuka, kwa sababu ndizo huchakaa kwanza: sharubu za Kaisari Wilhelm II na tai aliye juu ya kofia yake. "Hii ni 40," anasema mhasibu. "Acha zako, tai hana manyoya, 25 basi!" Wanabishana kama Simba na Yanga.

Namba hizo zimetoka Marekani. Mwaka 1949 William Sheldon alitoa kitabu kuhusu senti kubwa za shaba za huko, za 1793 hadi 1814, akazipanga kwa daraja la 1 hadi 70. Moja ni sarafu iliyosagika hata kuitambua ni kazi. Kuanzia 60 ni ile ambayo haijawahi kuzunguka mikononi mwa watu. Leo kipimo hicho hutumika kwa sarafu za dunia nzima.

Na iliyosuguliwa? Kampuni kubwa za kupima sarafu huandika tu kwamba imesafishwa, namba hawakupi. Ule weusi niliouona uchafu ndiyo ngozi ya sarafu, imejengwa na miaka mia. Ukiikwangua, hairudi.

Hela ilikotoka

Hapo ndipo na mimi nikanogewa. Unajua kwa nini tunasema "hela"? Mwaka 1904 Wajerumani waliigawa rupia kuwa heller 100, badala ya pesa 64 za awali. Serikali yao iliondoka, neno tukabaki nalo. Wewe ukimwambia mwenzako "sina hela" unaongea Kijerumani bila kujua!

Vita vilipowabana, mwaka 1916 walitengeneza sarafu Tabora, kwenye karakana ya reli. Heller 20 za shaba na za shaba nyeupe, na rupia 15 za dhahabu ya Sekenke zenye picha ya tembo. Za dhahabu zilikuwa kama 16,000 tu, na leo huuzwa kwa maelfu ya dola. Heller 1 ya kawaida? Dola chache.

Kwa Iringa, rupia ina uchungu wake. Wajerumani walitangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa cha Mtwa Mkwawa. Julai 19, 1898, akajipiga risasi kuliko kushikwa. Fuvu lilirudishwa mwaka 1954 na liko makumbusho ya Kalenga, nje kidogo ya mji. Ukishika rupia ya miaka ile, huwezi kuiona chuma tu.

Kabla hujaigusa

• Usioshe, usisugue, hata kwa sabuni ya mtoto.
• Weka kila moja kwenye bahasha yake ya karatasi, pakavu. Andika nani alikupa, lini na wapi.
• Panga daraja kwanza, bei baadaye. Ukitanguliza bei, macho yatakudanganya.
• Anayetafuta "rupia ya Mjerumani" kwa mamilioni, eti ina zebaki, mkimbie. Rupia ni madini ya fedha, basi.
• Usichimbe kwenye maboma ya kale kutafuta hela. Sheria inataka kibali.
• Vya mwenzako, uliza kwanza!

Bibi alisemaje?

Ilibidi nirudi Iringa kukiri. Bibi aliigeuza ile rupia mkononi kwa muda mrefu. Akaniambia baba yake aliiweka kwa ajili ya kodi ya nyumba. Vita vikaja, Mwingereza akaleta shilingi mwaka 1921, rupia ikakosa kazi. Mzee akakataa kuitupa, kwa sababu aliitolea jasho. "Umeitoa moshi wa nyumba ya baba yangu, mke mwenzangu," akasema. Hakucheka.

Nililia. Akanishika mkono, akanisimulia habari za baba yake hadi jioni, na usiku huo mimi na mume wangu tuliandika yote. Rupia sasa ina bahasha yake, na ndani yake kuna karatasi yenye jina la mzee. Daraja halina. Haiuzwi.