Mgeni Anayekuja na Kusi

Kuanzia Julai hadi Septemba, kusi likiwa limeshika bahari na mashua ndogo nyingi zikiona heri kubaki ndani ya mwamba, nje ya mawimbi hupita mnyama wa tani 30. Watoto waliopelekwa ufukweni Watamu, Kenya, katika likizo ya Agosti wanaweza kumwona bila hata kupanda boti. Kwanza ni kama moshi mweupe unaochomoza juu ya maji, kisha mgongo mweusi, kisha mkia mpana, halafu hakuna kitu kwa dakika kadhaa. Aliyeinama kutafuta kombe mchangani amemkosa.

Huyo ni nyangumi wa nundu. Je, wajua kwamba ule moshi si maji anayotema? Ni pumzi. Nyangumi ana mapafu kama sisi, na hupumua kwa matundu mawili yaliyo juu ya kichwa. Hewa ya mapafuni hutoka kwa kasi, mvuke wake ukageuka kuwa matone madogo na kupanda mita tatu au zaidi, ukichanganyika na rasharasha za maji ya bahari. Mapezi yake ya mbele yanakaribia theluthi moja ya urefu wa mwili, na mwili wenyewe hufika mita 15. Hakuna mnyama mwingine wa jamii ya nyangumi mwenye mapezi marefu kiasi hicho.

Anatoka Antaktika. Kutoka huko hadi Watamu ni zaidi ya kilomita 6,000, akipitia Msumbiji, kisha Mtwara, ambako hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na mlango wa mto Ruvuma ni mojawapo ya njia zake. Msafiri wa namna hii mtu angetarajia amefuata chakula. La hasha. Chakula amekiacha nyuma: uduvi wa maji ya baridi waitwao krili, ambao wakati wa kiangazi cha huko huwala zaidi ya tani moja kwa siku. Miezi yote anayokaa kwenye bahari yetu ya joto karibu hali kitu chochote. Anaishi kwa mafuta yaliyo chini ya ngozi.

Sasa fikiria mama. Mimba yake huchukua miezi 11 hivi, kwa hiyo aliyepandwa msimu uliopita hurudi msimu huu kujifungua. Ndama huzaliwa akiwa na mita nne na zaidi, urefu wa gari dogo la familia, na kazi yake ni moja tu, kunyonya. Maziwa ya ng'ombe yana mafuta asilimia nne hivi. Ya nyangumi huyu hukaribia 40. Yote hayo yanatoka kwenye mwili usiokula, na bado kuna safari ya kurudi. Kwa nini asizalie kule kwenye chakula? Wanasayansi wangali wanabishana. Wengine husema ndama mchanga hana mafuta ya kutosha kustahimili baridi, wengine kwamba huku maadui ni wachache, hasa nyangumi wauaji.

Madume nao wana lao. Wanaimba. Mwaka 1971 watafiti Roger Payne na Scott McVay walionyesha katika jarida la Science kwamba sauti hizo zina mpangilio: vipande hujirudia, vikaunda mafungu, na wimbo mzima huchukua dakika kumi, ishirini, kisha huanza upya kwa saa nyingi. Madume wa eneo moja huimba wimbo mmoja, nao hubadilika polepole mwaka hadi mwaka. Namna sauti inavyotoka ilibaki fumbo mpaka 2024, timu ya mtafiti Coen Elemans ilipoeleza katika jarida la Nature kwamba ndani ya koo kuna mkunjo unaobana mto wa mafuta, hewa ikipita hapo inautetemesha. Habari mbaya ni kwamba masafa ya sauti hiyo ndiyo yaleyale ya ngurumo za injini za meli.

Ilibaki kidogo tusiwe na cha kutazama. Katika karne ya 20 wavuvi wa nyangumi waliua zaidi ya 200,000 wa aina hii katika nusu ya kusini ya dunia. Marufuku yalipowekwa mwaka 1963, meli za Kisovyeti ziliendelea kwa siri: kwa jumla, kabla na baada ya marufuku, ziliripoti 2,710, kumbe ziliua zaidi ya 48,000. Mwaka 1979 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi, kwa pendekezo la Shelisheli, nchi ndogo yenye sauti kubwa siku ile, iliitangaza Bahari ya Hindi kuwa eneo salama kwa nyangumi. Wanaopita leo ni uzao wa walionusurika.

Usimchanganye na papa potwe wa kisiwa cha Mafia, ambaye ni samaki na huonekana zaidi Oktoba hadi Machi, wala na pomboo wa Kizimkazi, Zanzibar.

Mnaotaka kwenda baharini na familia, nendeni asubuhi kabla upepo haujakaza, na kamera iwe tayari mkia unapoinuka: mabaka ya upande wa chini wa mkia hayafanani kwa nyangumi wawili, na watafiti huyatumia kumtambua mmoja mmoja. Kabla ya kulipa, muulizeni nahodha maswali matatu. Je, hukaa mbali na nyangumi kiasi gani? Nchi nyingi hushika mita 100. Je, hupunguza mwendo akimkaribia? Je, hukatiza kati ya mama na ndama? Akiwaahidi kuwafikisha mpaka mumguse nyangumi kwa mkono, tafuteni boti nyingine.