Printa Moja kwa Idara Nzima: Jinsi ya Kuweka Seva ya Kuchapa

Idara yetu ina walimu wanane, kompyuta sita na printa moja. Kwa muda mrefu printa hiyo ilikuwa imeunganishwa kwa waya na kompyuta ya mwenzetu mmoja. Akiwepo ofisini, kazi zetu zilikwenda vizuri. Akiwa hayupo, chumba kilifungwa na printa ikafungwa pamoja nacho. Wiki moja ya mitihani mwenzetu huyo alifiwa, akaenda kijijini na ufunguo mfukoni. Tukaubeba mtihani wa Fasihi kwa flashi hadi duka la steshenari nje ya lango. Karatasi tulirudi nazo, lakini faili tulilisahau katika kompyuta ya dukani. Jioni tukawasikia wanafunzi wakijadiliana kuhusu swali la tatu. Usiku ule ilitubidi tutunge mtihani mwingine.

Kwa kuwa shida hii si yetu peke yetu, tumeona ni vyema tuwaeleze wasomaji njia tuliyoifuata baadaye.

Seva ya kuchapa ni nini?

Ni kompyuta inayopokea kazi za kuchapa kutoka kompyuta zote za ofisi, ikazipanga kwenye foleni, kisha ikaipelekea printa kazi moja baada ya nyingine. Tunaweza kuifananisha na karani wa masijala: kila barua hupitia kwake, naye anajua ipi imetangulia. Printa nyingi za siku hizi zinaweza kupokea kazi moja kwa moja kutoka kwenye mtandao bila seva. Hata hivyo, seva ina faida mbili. Kwanza, foleni inakuwa moja, na msimamizi anaweza kuiona na kufuta kazi iliyokwama. Pili, mipangilio ya printa hurekebishwa mahali pamoja badala ya kurekebishwa katika kila kompyuta.

Vifaa na hatua

Si lazima kununua kompyuta mpya. Ile iliyostaafishwa kwa sababu ya uzee inatosha, mradi iweze kuwaka kutwa. Sisi tuliiwekea Linux pamoja na programu ya CUPS, ambayo haiuzwi. CUPS ilianza kutolewa mwaka 1999, na kompyuta za Apple nazo huitumia katika kuchapa.

Hatua ya kwanza ni kuunganisha printa na seva kwenye swichi moja ya ofisi. Kila moja ipewe anwani isiyobadilika, kwa mfano 192.168.1.50 kwa printa na 192.168.1.10 kwa seva. Anwani hizo zitengwe katika ruta. Bila hivyo, umeme ukikatika na kurudi, printa inaweza kupewa anwani nyingine, na kesho yake kila mtu atadhani imeharibika.

Hatua ya pili ni kufungua kivinjari katika seva yenyewe na kuandika http://localhost:631. Ukurasa wa CUPS utafunguka. Hapo tunaongeza printa na kuipa jina. Jina lisiwe na nafasi ndani yake: Idara_Kiswahili linakubalika, Idara Kiswahili halikubaliki.

Hatua ya tatu husahauliwa na wengi. CUPS ikishawekwa huhudumia kompyuta yake tu. Ni lazima msimamizi akubali printa itumiwe na kompyuta nyingine za mtandao, kisha amwekee kila mwalimu printa hiyo kwa anwani http://192.168.1.10:631/printers/Idara_Kiswahili. Baada ya hapo, tujaribu kwa ukurasa mmoja kutoka kila kompyuta kabla ya kutangaza kwamba kazi imekwisha.

Usalama wa mitihani

Seva iliondoa safari za dukani, lakini haikuondoa hatari zote. CUPS, isipoelekezwa vingine, huhifadhi nakala ya kila kazi kwa sekunde 86,400 baada ya kuchapwa, yaani siku nzima. Kwa hiyo mtihani uliochapwa asubuhi bado umo ndani ya seva usiku. Katika faili la mipangilio liitwalo cupsd.conf tuliandika PreserveJobFiles No, tukaiwasha upya huduma hiyo. Nywila ya msimamizi nayo iwe kwa watu wawili: akisafiri mmoja, mwingine yupo. Tusirudie kosa la ufunguo mmoja.

Aidha, seva isifunguliwe kwa intaneti, na programu zake zisasishwe mara kwa mara. Mwaka 2021 kasoro kubwa iligunduliwa katika huduma ya kuchapa ya Windows, na mwaka 2024 kasoro nyingine zikatangazwa katika programu zinazoambatana na CUPS. Zote ziliweza kumpa mtu wa nje njia ya kuendesha programu zake ndani ya kompyuta ya ofisi.

Mwisho, karatasi zilizokwisha kutoka hazilindwi na seva. Kama printa ina uwezo wa kuisubirisha kazi hadi mwenyewe abonyeze namba yake ya siri, utumike. Kama haina, anayechapa mtihani amwombe mwenzake asimame karibu na printa kabla hajatuma kazi. Sisi ndivyo tunavyofanya, na hadi sasa hatujalazimika kutunga mtihani mara mbili.

Idara zitakazojaribu utaratibu huu zinaombwa kutueleza zilikofanikiwa na zilikokwama, ili tuwashirikishe wasomaji wengine katika toleo lijalo.