Mshahara wa Kijana na Saini ya Mzazi (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza akaunti ambazo wazazi huwafungulia watoto wao, tukaishia pale mtoto anapotimiza miaka 18. Tunaanzia hapo hapo, maana hapo ndipo familia nyingi huacha mambo bila kuyamalizia. Kwa sheria za Tanzania, umri huo ndio unaompa mtu uwezo wa kuingia mkataba. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Mikataba kinamtaka awe mtu mzima na mwenye akili timamu. Kenya nako utu uzima unaanza miaka 18. Akaunti ya benki ni mkataba, kwa hiyo ile iliyofunguliwa na mama wakati mtoto yuko darasa la pili inapaswa kubadilishwa. Kijana aende tawini na namba yake ya NIDA, apigwe picha, aweke saini yake, na saini ya mama iondolewe. Wengi hawaendi. Kijana anamaliza chuo, anapata kazi, anampa mwajiri namba ya akaunti ileile ya utotoni, na mshahara unaanza kuingia mahali ambapo mwenye mamlaka ya kutoa bado ni mzazi.

Wengine hufungua akaunti ya pamoja kwa makusudi, mara nyingi baba akiwa amemsindikiza kijana wake benki kwa furaha ya ajira mpya. Kwenye fomu kuna sehemu ndogo inayopitwa haraka kuliko zote: maelekezo ya saini. Hapo wenye akaunti huchagua kama yeyote kati yao anaweza kutoa fedha peke yake, au kama lazima wote wawili watie saini. Ofisa wa benki anauliza kwa mdomo, baba anajibu "yeyote", alama ya vema inawekwa, ukurasa unafunuliwa. Kuanzia dakika hiyo baba akienda tawini Jumatatu asubuhi akatoa salio lote, benki haijakosea kitu, na kijana hana pa kuishtaki. Ametekelezewa alichokitia saini mwenyewe. Wakichagua "wote wawili", fedha zinalindwa zaidi, lakini mwalimu aliyepangiwa kituo Kigoma huku baba yake yuko Moshi atapata shida hata ya kutoa hela ya pango, na kwa kawaida akaunti ya namna hiyo haitolewi kadi ya ATM.

Kuna na suala la madeni. Akaunti ya pamoja ikiingia kwenye deni, benki kwa kawaida huwadai wote, hata kama aliyetoa ni mmoja. Na mzazi akishtakiwa na wadai wake, kijana anaweza kujikuta mbele ya mahakama akitakiwa kuonyesha ni shilingi zipi kwenye akaunti ile zilizotokana na jasho lake. Atazionyeshaje, kama mshahara wake na mauzo ya mahindi ya mzee vimechanganyika miaka mitatu?

Hata pasipo mahakama wala deni, kuchungulia kwenyewe kunatosha kuharibu. Ujumbe wa benki unaingia kwenye simu ya mzee: zimetolewa shilingi 40,000, saa 2 usiku, Jumamosi. Jumapili asubuhi anapiga. "Mwanangu, jana ulikuwa na shida gani?" Swali linatoka kwa mzazi anayempenda mwanawe, nalo si la ubaya. Lakini kijana wa miaka 25 anayelijibu kila wiki hujifunza upesi kujificha. Anafungua laini ya pili, anaomba malipo ya ziada yapitie kwa rafiki, na uongo unaanza kuota kati ya watu waliokuwa hawadanganyani.

Lazima tumtazame mzazi pia, kwa haki. Aliuza ng'ombe au aliweka shamba rehani ili ada ilipwe. Hana pensheni. Kwake yeye mshahara wa mtoto ni mavuno ya kazi yake mwenyewe, na desturi ya kumpelekea mzazi mshahara wa kwanza ni heshima ambayo sitamshauri kijana yeyote aiache. Tatizo ni kwamba mzazi huwa anaiona namba iliyo kwenye barua ya ajira, si ile inayofika benki. Chukua kijana wa kampuni binafsi mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 800,000. Kama alisomeshwa kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, asilimia 15 inakatwa: 120,000. NSSF, asilimia 10: 80,000. Zimebaki 600,000, na kodi ya mapato bado haijaguswa. Toa pango, nauli na chakula cha mchana mjini. Mzazi aliyekuwa akihesabu laki nane anaona anapunjwa, na mtoto anaona haaminiwi. Nawasihi vijana waichukue hati ya mshahara, waipeleke nyumbani, wakae na wazazi wao waisome pamoja mstari kwa mstari. Ni jambo la nusu saa.

Baada ya hapo, njia ninayoiamini ni hii: akaunti iwe ya kijana peke yake, na kiasi cha wazazi kikubaliwe na kitumwe kwa tarehe inayojulikana. Benki zina agizo la kudumu la malipo; unajaza fomu mara moja, na kila mwezi kiasi kile kinahamia kwa mama bila mtu kukumbushwa. Mzazi anayejua kwamba tarehe 28 zinaingia 80,000 anaweza kupanga: mbolea mwezi huu, bati mwezi ujao. Anayesubiri huruma ya mtoto, au anayejichotea mwenyewe, hapangi chochote. Sikubaliani na wanaosema kwamba kijana anayetenganisha akaunti ameikata familia. Anayetuma kwa tarehe ameibeba familia kuliko yule aliyeacha kila kitu wazi akawa analalamika moyoni.

Simu nayo isisahaulike, maana kwa wengi benki ya kwanza ni laini. Usajili kwa alama za vidole ulipoanza Mei 2019, na laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020, vijana wengi ambao hawakuwa na namba ya NIDA walisajiliwa kwa vidole vya mama au vya kaka. Fedha zilizomo kwenye laini hiyo, kwa kumbukumbu za kampuni, ni za mwenye kidole. Ukitaka kujua laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA, piga *106# ufuate maelekezo. Ukikuta laini unayoitumia haimo, nenda na mzazi wako dukani kwa wakala rasmi mkaihamishe sasa, wakati nyote mko hai na mnaelewana.

Upo pia mwelekeo wa kinyume: mzee amechoka kupanga foleni, anaingiza jina la binti yake kwenye akaunti ya akiba ya uzeeni. Mzee akifariki, fedha ni za nani? Binti anasema ni zake, jina lake limo. Kaka zake wanasema baba alimtuma tu benki. Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kesi mbili za namna hii siku moja mwaka 2007. Kanuni ilikuwa moja: mzazi akimwingiza mtoto mtu mzima bila kulipwa chochote, itachukuliwa kwamba mtoto anazishika fedha hizo kwa niaba ya mirathi, mpaka aonyeshe kwamba mzazi alikusudia kumpa. Katika kesi ya Pecore ushahidi wa nia ya baba ulipatikana, binti akabaki nazo. Katika kesi ya Madsen haukutosha, zikarudi kwenye mirathi. Hukumu hizo hazizifungi mahakama zetu, lakini shina lake ni misingi ya haki ya Kiingereza, ambayo nasi tuliipokea kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920.

Mzee anayetaka msaidizi tu ana njia nyepesi. Aiandikie benki barua ya idhini inayomtaja binti kuwa mtoaji kwa niaba yake, akaunti ikibaki yake; au wakili amwandalie hati ya uwakilishi yenye mipaka, iseme akaunti ipi na kiasi gani. Anayetaka kumpa kabisa aandike kwamba ametoa, mbele ya mashahidi, na watoto wengine wajue akiwa hai. Ila idhini na hati ya uwakilishi hufa pamoja na aliyezitoa. Binti anayetoka msibani akapitia ATM na kadi ya marehemu kutoa hela ya sanda, hata kwa nia njema, hana tena mamlaka aliyokuwa nayo jana. Kinachohitajika hapo ni msimamizi wa mirathi, na wiki ijayo tutaingia Mahakama ya Mwanzo kuona anavyoteuliwa.

Itaendelea