Mwanao akitaka kuwa fundi wa kuchomelea, ulizia kwanza ngao ya macho

Msomaji, ukipita kandokando ya barabara kuu ya kwenda Isebania mjini Migori, au penye vibanda vya jua kali mjini Homa Bay, hutakosa kuona mwanga wa samawati ukimetameta. Karibu nao kachuchumaa kijana aliyevaa miwani ya jua ya kawaida, ile ya kujipamba. Huyo anajifunza kazi nzuri kwa njia ya kuhatarisha macho yake.

Miji hii ilikuwa katika wilaya moja ya Nyanza Kusini kabla ya kugawanywa miaka ya 1990, na kote wawili hawa hutengeneza milango, madirisha na vitanda vya shule za bweni. Upande wa Migori kuna pia matrela ya kubeba miwa ya kiwanda cha Sony kule Awendo, na vinu vya kusagia mawe yenye dhahabu kule Nyatike. Hizo si kazi za kubahatisha. Kiungo cha trela kinaweza kung'aa kwa nje na kumbe ndani ni kitupu. Siku kikikatika barabarani na tani kadhaa za miwa, atakayeumia si fundi peke yake.

Usidhani basi kwamba ufundi ni kugusisha rodi kwenye chuma. Fundi hodari hutumia muda mwingi kupima kuliko kuchoma. Akiunda fremu ya mlango, hushikiza kwanza pembe zote nne kwa nukta ndogo, kisha hupima kutoka pembe hadi pembe, kimshazari. Vipimo viwili vikilingana, fremu imenyooka. Asipofanya hivyo, chuma kikipoa hujivuta, na mlango hautafungika kamwe.

Halafu kuna kuujua moto. Rodi ya milimita 2.5 huhitaji kama ampea 60 hadi 90. Ukizidisha, bomba jembamba linatoboka. Ukipunguza, chuma kilichoyeyuka kinakaa juu juu kama uji uliomwagika mezani. Ncha ya rodi isiwe mbali na chuma kuliko unene wa rodi yenyewe. Wenye uzoefu husikiliza: moto ulio sawa hulia kama mayai yanayokaangwa. Kisha gamba hugongwa kwa nyundo ili kiungo kikaguliwe. Fundi asiyegonga gamba mbele yako, mtilie shaka.

Sasa turudi kwa macho. Mwanga ule una miali isiyoonekana ambayo huunguza jicho kama jua linavyounguza ngozi. Maumivu hayaji papo hapo. Huja saa kadhaa baadaye, aghalabu usiku, na kijana huhisi kana kwamba amemwagiwa mchanga machoni. Usimtie maziwa wala kitu kingine cha jikoni, mpeleke hospitalini. Kinga ni ngao yenye kioo cheusi cha nambari 10 au zaidi. Watoto wanaosimama kutazama cheche pia wafukuzwe.

Moshi nao si wa kupuuzwa. Mabati na mabomba yaliyopakwa zinki yakichomwa huleta homa na baridi jioni hiyo hiyo, na mwaka wa 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuweka moshi wa kuchomelea miongoni mwa visababishi vya saratani. Kazi ifanywe penye hewa. Na pipa lililowahi kubeba petroli lisiguswe kwa moto hata likiwa tupu, kwa kuwa mvuke uliobaki ndani ndio unaolipuka.

Kijana aliyejifunzia kibandani hajachelewa kupata cheti. Mamlaka ya NITA hutahini mafundi kwa gredi tatu, kuanzia ya tatu hadi ya kwanza, na karatasi hiyo humfaa anapoomba kazi kiwandani au kwa kontrakta. Kabla ya kumlipia karo ya kujifunza, nenda ukasimame pale kibandani nusu saa. Ukiona fundi mwenyewe hana ngao, mtafutie mwanao fundi mwingine.