Azam FC: Timu yenye kila kitu, isipokuwa Kariakoo

Pita Mtaa wa Kongo siku yenye mechi kubwa. Jezi nyekundu za Simba zimetundikwa upande huu, za kijani na njano za Yanga upande ule, na muuzaji hata hakuulizi unashabikia nani. Anauliza tu: "Simba au Yanga?" Sasa mwambie unataka ya Azam. Atakuangalia kidogo, atapekua chini ya furushi, kisha atakwambia subiri amuulize jirani.

Cha kuchekesha ni kwamba muuzaji huyohuyo ameamka na chapati za unga wa Azam. Mchana kijana wa aiskrimu za Azam amepita mbele ya meza yake na baiskeli. Jioni atakaa kwenye kibanda umiza kuangalia mechi kupitia king'amuzi cha Azam. Ikitokea msiba au harusi Zanzibar, atapanda boti ya Azam.

Kampuni imeingia kila nyumba ya Dar. Timu yake ya mpira bado iko mlangoni inabisha hodi, na imebisha kwa miaka zaidi ya 20 sasa. Kwa nini?

Ilianzia kwenye unga

Azam FC ilizaliwa mwaka 2004. Haikuanza na mipango ya kutwaa makombe. Wafanyakazi wa kiwanda cha unga cha Mzizima, kilicho chini ya kampuni za Said Salim Bakhresa, walikuwa wanacheza mpira kufanya mazoezi baada ya kazi. Timu ikaitwa Mzizima, kama kiwanda.

Jina hilo lina utani wake. Mzizima ndilo jina la kijiji cha wavuvi kilichokuwepo hapa kabla Sultani Majid hajaanza kujenga mji wake miaka ya 1860 na kuuita Dar es Salaam. Kwa hiyo timu changa kuliko zote za mjini ilivaa jina la zamani kuliko mji wenyewe. Hata leo mechi ya Simba na Azam huitwa Dabi ya Mzizima.

Baadaye jina likabadilishwa kuwa Azam, timu ikapanda madaraja, na msimu wa 2008/09 ikaingia Ligi Kuu. Haijashuka tangu hapo. Mashabiki wa upinzani wakaipa jina la Wanalambalamba, kwa sababu ya zile aiskrimu. Lilikuwa dongo. Wenyewe wakalichukua, na leo linatumika bila mtu kununa.

Hela ilifanya kazi yake

Mwaka 2010 Azam ilimchukua Mrisho Ngassa kutoka Yanga kwa ada iliyotajwa kuwa shilingi milioni 58. Kwa sasa unaweza kuona ni pesa ndogo, ila wakati ule mji mzima ulishika kichwa. Ngassa alikuwa ametoka kufanya majaribio West Ham ya Uingereza, na ndiye aliyekuwa mchezaji wa kuangaliwa nchini. Watu walizoea kuona nyota wakihama kutoka Jangwani kwenda Msimbazi na kurudi. Kuona nyota anaondoka Kariakoo kabisa, tena kwenda kwa timu ya kiwanda, kilikuwa kitu kigeni.

Kipindi hichohicho Azam ikafungua uwanja wake kule Chamazi, Mbagala. Unaingiza takriban watu 10,000, una taa, una sehemu za mazoezi na akademi ya vijana. Hapa tukumbushane kitu: Yanga ilianzishwa 1935 na Simba 1936, na zote hazikuwa na uwanja wa mashindano wa kwao. Mechi zao zilikuwa za Uwanja wa Taifa, ambao sasa tunauita Benjamin Mkapa. Azam ilipata nyumba yake ndani ya miaka michache tu. Yanga yenyewe imewahi kuutumia uwanja wa Chamazi kama wa nyumbani.

Halafu ukaja msimu wa 2013/14.

Kocha alikuwa Mcameroon Joseph Omog. Nahodha John Bocco, ambaye alikuwa na timu tangu haijapanda Ligi Kuu. Kwenye kikosi walikuwemo Aggrey Morris, Erasto Nyoni, Salum Abubakar "Sure Boy", Himid Mao, na Kipre Tchetche wa Ivory Coast aliyekuwa mfungaji bora wa msimu uliotangulia. Mechi 26, ushindi 18, sare 8, kupoteza sifuri. Pointi 62. Ubingwa ulifungwa Aprili 2014 kwenye Uwanja wa Sokoine, Mbeya, kwa kuifunga Mbeya City 2-1. Na Mbeya City ya mwaka ule haikuwa ya mchezo: ilikuwa imepanda msimu huohuo na ikamaliza ya tatu, juu ya Simba.

Ili uelewe uzito wake, rudi nyuma. Tangu ligi ianze mwaka 1965 wasio Simba wala Yanga wamekuwa wakichukua ubingwa kwa nadra: Cosmopolitan, Mseto, Pan African, Tukuyu Stars, Coastal Union. Mtibwa Sugar waliuchukua 1999 na 2000. Baada ya hapo ikapita miaka 13 ya Simba na Yanga wakipokezana peke yao, mpaka Azam ikaingia katikati. Na baada ya Azam? Yanga, Simba, Yanga, bila mwingine yeyote hadi msimu wa 2024/25.

Kariakoo usiku ule wa ubingwa hakukuwa na honi wala msafara wa bodaboda wa kufunga mtaa. Simba au Yanga ikichukua kombe, Msimbazi haipitiki.

Ushabiki wa Dar haununuliwi dukani

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Husema Azam haina mashabiki kwa sababu ni timu ya tajiri. Lakini Simba ina tajiri, na Yanga ina tajiri. Hela si tusi Kariakoo. Kariakoo ni soko, jamani.

Tofauti iko kwenye swali la timu ni ya nani. Simba na Yanga ni klabu za wanachama. Hata zilipoanza kutafuta wawekezaji, utaratibu wa nchi ulitaka wanachama wabaki na asilimia 51. Mzee mwenye kadi yake ya zamani anaweza kwenda makao makuu, pale Mtaa wa Msimbazi au pale Twiga na Jangwani, akapiga kelele, akapiga kura, akatishia kumng'oa mwenyekiti. Ugomvi wa Yanga wa miaka ya 1970 ulikuwa mkali kiasi cha kuzaa timu nyingine, Pan African, ambayo nayo ikaja kuwa bingwa 1982. Watu hawagombani hivyo kwa kitu kisicho chao.

Azam hawana huo ugomvi. Mshahara unalipwa, basi lipo, nyasi zinakatwa. Timu ikifungwa, shabiki wa Azam hana mkutano mkuu wa kwenda kulalamika. Kwa mtazamo wangu, hili ndilo pengo kubwa kuliko uchache wa makombe. Unaweza kuipenda timu inayokukera kila siku. Timu ambayo huna sauti ndani yake ni ngumu kuipenda, hata ikikufurahisha.

Kingine ni urithi. Mtoto wa Ilala au Magomeni hachagui timu. Anazaliwa anaikuta kwa baba, kwa mjomba, kwenye rangi ya kiti cha plastiki barazani. Azam ilikuja wakati nyumba zote zilishagawanywa. Hakuna babu wa Azam.

Na kuna umbali. Msimbazi na Jangwani unatembea kwa miguu kutoka sokoni. Chamazi unafuata Barabara ya Kilwa mpaka Mbagala Rangi Tatu, halafu unaunganisha. Mechi ya usiku ikiisha, mtu anawaza usafiri kabla ya kuwaza matokeo. Simba au Yanga zikienda kucheza kule, majukwaa hugeuka mekundu au ya kijani, na mwenye nyumba anaonekana mgeni.

Angalia India

Msimu huohuo wa 2013/14, timu nyingine ya kampuni ilichukua ubingwa wa nchi yake. Bengaluru FC ya India ilianzishwa mwaka 2013 na kampuni ya JSW, inayojulikana kwa chuma, na ikatwaa I-League kwenye msimu wake wa kwanza kabisa. Azam walisubiri msimu wa sita.

Lakini Bengaluru walipata kitu ambacho Azam hawajapata: kundi la mashabiki wanaojiita West Block Blues, wanaoimba dakika 90 kwenye Uwanja wa Kanteerava uliopo katikati ya mji. Mwaka 2016 timu ikafika fainali ya Kombe la AFC, lililokuwa ngazi ya pili ya klabu za Asia.

Siri si kubwa sana. Bangalore haikuwa na Simba na Yanga wake. India nayo ina jozi yake, Mohun Bagan ya mwaka 1889 na East Bengal ya 1920, lakini hao wako Kolkata, mbali kabisa. Kama Bakhresa angeipeleka timu kwenye mkoa wenye kiu ya mpira na usio na timu kubwa, labda leo tungekuwa na hadithi nyingine. Aliiweka Dar, kwenye mji wenye wenyewe.

Shule ya Kariakoo

Sehemu inayouma zaidi ni hii. Azam imekuwa inatengeneza wachezaji, na Kariakoo inakula.

Mwaka 2017 Bocco, kipa Aishi Manula, Shomari Kapombe na Erasto Nyoni waliondoka kwa mpigo kwenda Simba. Simba ilikuwa haijachukua ubingwa tangu 2012. Baada ya hao kufika ikachukua minne mfululizo, 2018 hadi 2021, na Bocco akiwa nahodha. Uti wa mgongo wa Simba ile ulitoka Chamazi.

Yanga nao hawakubaki nyuma. Farid Mussa, aliyepitia akademi ya Azam na kwenda Tenerife ya Hispania, aliporudi nyumbani alitua Jangwani. Sure Boy akaenda. Mudathir Yahya akaenda. Prince Dube akaenda 2024. Ngassa mwenyewe alisharudi Yanga mwaka 2013. Mchezaji wa Azam analipwa vizuri, lakini akitaka jina lake liimbwe na watu 60,000 anajua pa kwenda.

Mara moja tu ndoo ilimwagika upande wa pili kwa kishindo. Feisal Salum, Fei Toto, aligoma kubaki Yanga mwishoni mwa 2022. Mvutano ulienda miezi mpaka Rais Samia akaingilia kati Juni 2023 na kuwaomba viongozi wa Yanga walimalize. Fei akaenda Chamazi, na msimu wake wa kwanza akafunga mabao 19 ya ligi. Azam ikamaliza ya pili mbele ya Simba kwa tofauti ya mabao. Kabla ya hapo ilikuwa imeganda nafasi ya tatu kwa misimu mitano mfululizo.

Na juu ya yote hayo, kampuni dada, Azam Media, ilisaini na TFF mwaka 2021 mkataba wa haki za matangazo wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Fedha hizo zinakwenda kwa klabu za ligi nzima, Simba na Yanga zikiwemo. Yaani familia ileile inayotaka kuwafunga ndiyo inayopeleka mechi zao mpaka Tandahimba na Sumbawanga, na kuwaongezea mashabiki. Sijui timu nyingine inayoishi na jambo hilo.

Nje ya Kariakoo

Ukitoka Dar, picha inabadilika kidogo. Azam imechukua Kombe la Kagame mara mbili: 2015 kwa kuifunga Gor Mahia ya Kenya 2-0, na 2018 kwa kuifunga Simba 2-1. Zanzibar imetwaa Kombe la Mapinduzi mara tano, na Uwanja wa Amaan huwa hauioni kama mgeni.

Afrika ndiyo ilikuwa ngumu. Mwaka 2015 iliifunga El Merrikh ya Sudan 2-0 hapa Chamazi, ikaenda Khartoum ikapigwa 3-0. Mwaka 2016 ikaitoa Bidvest Wits ya Afrika Kusini, ikakwama kwa Esperance. Mwaka 2024 APR ya Rwanda wakaitoa mapema kabisa. Hatimaye Oktoba 2025, chini ya kocha Mkongo Florent Ibenge, iliitoa KMKM ya Zanzibar na kuingia makundi ya Kombe la Shirikisho kwa mara ya kwanza katika historia yake.

Kuna kizazi kimoja cha kuangalia. Uwanja wa Chamazi ulipofunguliwa, maeneo mengi ya jirani yalikuwa bado na mikorosho. Sasa Mbagala, Chamazi na Mbande kumejaa nyumba, na watoto waliozaliwa huko baada ya 2010 wanaona taa za uwanja kutoka uani kwao usiku wa mechi. Baba zao ni Simba au Yanga. Wao, tiketi ya bei ya chini na uwanja wa kwenda kwa miguu ni wa Azam. Wakubwa kati yao wameanza kujinunulia jezi wenyewe.