Wi-Fi ikigoma baada ya sasisho, usikubali kufutiwa Windows

Desemba 2023 baadhi ya watumiaji wa Windows 11 waliweka sasisho la KB5032288 au KB5033375, kisha wakakuta Wi-Fi haiunganishi. Walioathirika zaidi walikuwa kwenye mitandao ya vyuo na ofisi, ambako kila mtu huingia kwa jina na nenosiri lake. Microsoft ilikiri kosa na kulirekebisha mwezi huohuo. Kompyuta zenyewe zilikuwa nzima.

Mara nyingi kinachovurugika ni draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi ya Wi-Fi. Kwa hiyo kulipia kadi mpya, au kufutiwa kila kitu na kupoteza picha na kazi za miaka, ni hasara inayoepukika.

Anza na simu. Ikiunganishwa kwenye Wi-Fi hiyohiyo nayo ikakosa intaneti, kagua ruta au bando. Ikipata, rudi kwenye kompyuta. Hakikisha hali ya ndege imezimwa, futa mtandao huo kwenye orodha, kisha uunganishe upya. Halafu bofya Restart, wala si Shut down, kwa kuwa Windows ikizimwa kwa kawaida huhifadhi sehemu ya mfumo na kuirudisha ilivyokuwa, pamoja na hitilafu yake.

Ikigoma bado, fungua Device Manager, tafuta kadi chini ya Network adapters, ingia Properties, kisha Driver, na ubofye Roll Back Driver ili draiva ya zamani irudi. Kitufe kikiwa kimefifia, pakua draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta. Intaneti utaipata kwa kuchomeka simu kwa waya wa USB na kuwasha USB tethering. Weka muunganisho huo kuwa Metered, Windows isije ikamaliza bando kwa masasisho mengine.

Wengi wamehamia Windows 11 kwa sababu huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma Oktoba 14, 2025. Wi-Fi ikigoma baada ya kuhama huko, aliyehama kwa njia ya sasisho ana siku 10 za kurudi alikotoka kupitia Recovery, na mafaili yake hubaki.

Kadi isipoonekana kabisa, nenda kwa fundi. Mweleze uliyokwisha kujaribu, na nakili mafaili yako pembeni kabla hujamkabidhi kompyuta. Windows huwekwa upya kwa saa chache. Tasnifu iliyofutika haina duka inakouzwa.